Picha Nne za Lusungu

Picha ya pasipoti haitaki uchangamfu. Inataka masikio mawili yaonekane, mdomo ufungwe, macho yatazame mbele, na nyuma pawe peupe pasipo kivuli. Nimewapiga watu picha hizo kwa miaka tisa katika duka langu la steshenari hapa Tegeta. Nimewapiga mahujaji, wanafunzi, na mabinti wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni, na sikuwahi kurudishiwa picha hata moja. Waulize. Mtaa mzima utakuambia kwamba kwa Demetria ukipigwa, umepigwa.

Kwa hiyo Lusungu alipoingia Jumamosi ile alasiri, suruali imelowa mvua mpaka magotini, akaweka bahasha ya kaki juu ya kaunta na kusema, "Zimekataliwa tena," mtu ambaye hakuwa na haki ya kushangaa alikuwa ni mimi. Nikashangaa hivyohivyo, tena vizuri sana.

"Tena? Kwa nini?"

"Kivuli. Ubalozini kwetu wamesema kuna kivuli nyuma ya sikio la kushoto."

"Kivuli gani? Hebu nione."

Nikazitazama picha zangu mwenyewe kana kwamba sijapata kuziona. Kivuli kilikuwepo, chembamba, kimejibanza nyuma ya sikio lake. Nilikuwa nimekiweka mimi. Wiki tatu nyuma, wakati akirekebisha kola ya shati, nilinyoosha mkono nikaizima taa ya kushoto. Na zile picha za kwanza, za mwezi Februari, zilirudishwa kwa sababu nyuma hapakuwa peupe. Hapakuwa peupe kweli. Nilitundika shuka la rangi ya maziwa badala ya lile jeupe. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, lakini kwenye karatasi yanajisema yenyewe.

Msinihukumu haraka. Nimeshajihukumu kabla yenu, na adhabu yangu naitumikia hadi leo.

Lusungu ni mtu wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Ana miaka kumi na mbili hapa Dar es Salaam, na kazi yake ni kutengeneza mashine za kopi. Watu wakimsikia anasema "ndaga" badala ya asante humwita Mnyakyusa wa Kyela, naye hakatai, maana shangazi yake kaolewa huko Kyela na lugha yao ni moja. Kilichowatenganisha ni mto tu, mto ambao yeye anasema wakati wa kiangazi mbuzi huvuka bila kuulizwa karatasi.

Tulijuana siku mashine yangu ilipokula cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu. Mama mtu analia, mimi natetemeka, fundi akaletwa. Akaifungua mashine ile kwa saa nzima, akakitoa cheti kipande kwa kipande bila kuchana hata herufi, akakinyoosha kwenye kioo, akamkabidhi mama yule kwa mikono miwili. Halafu akanigeukia na kusema, "Na wewe pumua sasa, bosi." Nikapumua. Tangu siku hiyo mashine yangu ikawa inaharibika mara nyingi kuliko mashine yoyote ya Tegeta.

Mwaka uliofuata alileta fomu za kuomba uraia, akataka picha. Nikampiga mara kumi na moja. Kila nikimwambia asicheke, anacheka.

"Ukininyima kucheka ndiyo unanichekesha," alisema.

Ya kumi na mbili ndiyo ilikubali. Nami nilikuwa nimeshakubali siku hiyohiyo, ingawa sikumwambia mpaka Krismasi.

Tatizo lilikuwa kwetu, Segerea. Baba yangu, Mzee Apolinari, alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na hadi leo ana tabia ya kutaka kila kitu kiwe na muhuri. Nilipomtajia Lusungu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Awe raia kwanza. Akishaapa, alete washenga hata kesho yake. Kabla ya hapo, hapana." Hakupandisha sauti. Alikuwa akimtazama dada yangu Flaviana, aliyekuwa anachambua mchele pembeni.

Dada Flaviana aliolewa na mtu kutoka nje. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mwenye kusali. Jumapili moja, baba akiwa kanisani, shemeji alimwambia mkewe kwamba anakwenda kwao kubadili pasipoti, wiki mbili tu. Dada akampigia pasi shati la safari. Sasa ni mwaka wa kumi. Mtoto aliyekuwa tumboni yuko darasa la nne, na sanduku la nguo za baba yake bado liko juu ya kabati, halijaguswa. Katika nyumba yetu maneno "kubadili pasipoti" hayatamkwi, kama ambavyo nyumba nyingine hawatamki jina la ugonjwa uliowamaliza. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Sasa fikiria mimi, mtoto wa nyumba hiyo, mwezi Februari, Lusungu anaingia dukani anameremeta: "Bosi, nipige picha. Jalada langu la uraia limefika mezani kwa mkubwa! Ila pasipoti iliyomo inaisha Mei. Wanataka mpya, na nakala ya ile ya zamani, na barua ya kueleza kwamba namba imebadilika. Nakwenda kubadili pasipoti."

Sikusikia jingine lolote. Nilisikia pasi ikipita juu ya shati. Mkono wangu ukalichukua shuka la rangi ya maziwa.

Nilitaka asiondoke. Sikumuuliza hata kama alikuwa anaondoka.

"Sasa itakuwaje?" nilimuuliza Jumamosi ile, picha zenye kivuli zikiwa mkononi.

Alivuta stuli ya wateja, akakaa. Maji yalimchuruzika kwenye visigino yakatengeneza kidimbwi sakafuni.

"Jumatatu naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Nyumbani. Karonga. Nikashughulikie mwenyewe."

"Kwani haifanyiki hapahapa? Wewe ubaki, karatasi ndizo zisafiri?"

"Ingefanyika, kama picha za Februari zingepita. Karatasi zikienda na kurudi ni miezi miwili, na mie sasa sina hiyo miezi miwili. Ofisa wa uhamiaji kaniambia mwisho ni tarehe kumi na tano Mei. Nikienda mwenyewe, nikapanga foleni mwenyewe, Mungu akisaidia ni wiki mbili."

Wiki mbili. Kati ya hesabu zote za dunia, alichagua hiyo.

"Na usipoiwahi?"

"Jalada linarudishwa. Naanza upya kuanzia serikali ya mtaa. Barua, wadhamini, tangazo la gazetini, wajumbe kuja kuwauliza majirani kama nagombana na watu. Miaka mitatu imekwenda hivyo, Demetria."

"Basi achana nao. Baki na kibali chako cha kuishi."

"Kibali kimegongwa ndani ya pasipoti hiyohiyo. Ikifa, na chenyewe kimekufa." Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Unajua kinachonichekesha? Naitafuta pasipoti mpya ili siku ya kiapo niikane na kuirudisha. Nakwenda kuihuisha ili nije niizike. Ila wanasema huwezi kukana kitu kilichokwisha chenyewe."

Mimi sikucheka. Mvua ilikuwa inapiga bati na nilikuwa naona kazi ya mikono yangu imekaa mbele yangu kwenye stuli, imelowa. Februari angebaki. Angekuwa hapa, anakunywa chai yangu ya tangawizi, karatasi ndizo zingepita mpakani. Mimi niliyeogopa safari ndiye niliyemkatia tiketi.

"Nipige basi," alisema. "Ya tatu."

Nikalitundika shuka jeupe. Nikawasha taa ya kulia, nikawasha taa ya kushoto. Nikamsogeza kidevu kwa vidole viwili kama ninavyowasogeza wateja wote, na ngozi yake ilikuwa ya baridi kwa mvua. Alinitazama, akanitazama kweli. Nikakimbilia nyuma ya kamera.

"Usi..." nilianza, nikaacha. Hakukuwa na haja. Hakuwa anacheka.

Nilipata picha safi kwa mpigo mmoja. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilikuwa nimempa mgongo, nangoja karatasi itoke kwenye printa, aliposema, "Safari hii umewasha taa zote mbili."

Nikajifanya naikagua printa.

"Unasemaje?"

"Nimesema umewasha taa zote mbili. Na shuka ni jeupe."

"Lusungu..."

"Mie kazi yangu ni karatasi. Mtu akinipa kopi moja tu namwambia mashine yake imechoka wapi. Nisione shuka la rangi ya maziwa?"

Niligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Angekuwa na hasira ningejua pa kushika.

"Ulijua tangu lini?"

"Za kwanza nilidhani bahati mbaya. Za pili niliona kabla sijavuka barabara."

"Na ukazipeleka?"

"Nikazipeleka."

"Ukijua zitarudi?"

"Nikijua."

"Kwa nini sasa? Una wazimu?"

Akatazama mikono yake. "Nilifikiri utachoka, utaniambia. Mie, Demetria, sijawahi kuzuiwa na mtu. Mama alifariki nikiwa mdogo. Nimetoka Karonga hakuna aliyesema baki. Nimehama Mbeya, nimehama Pugu, nimehama Temeke, nafungasha tu naondoka. Halafu naona kuna mtu anazima taa ili nisiende. Nikasikia raha. Raha ya kijinga, lakini raha. Nikawa nangoja uyaseme kwa mdomo, wewe ukawa unayasema kwa swichi."

Mwanamke mwingine angemwendea. Angemshika kichwa kile kilicholowa, na hadithi ingeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimefumaniwa, na aibu ikikosa pa kujificha huvaa hasira.

"Kwa hiyo ulikuwa unanipima," nilisema. "Umeliacha jalada lako liungue ili unipime mie!"

"Nawe ulikuwa unanifunga."

"Nimekufunga na nini? Mlango huo hapo!"

"Demetria, taratibu."

"Usiniambie taratibu!"

Akafuta maji usoni. Kisha akasema, "Kesho nakwenda Segerea kumuaga mzee. Twende wote."

"Usithubutu. Mwambie una msiba. Mwambie kuna harusi, mwambie lolote. Ukitamka lile neno kwetu umekwisha, hata upate uraia wa mbinguni."

"Nianze ukwe kwa uongo?"

"Wewe huijui nyumba yetu!"

"Naijua. Uliniambia mwenyewe. Ndiyo maana siwezi kuondoka kama yule." Akainuka, akasimama upande wake wa kaunta. "Haya. Nimesimama hapa. Niambie nisiende, nisiende, likiungua na liungue. Au niambie nirudi. Sema moja, lolote kati ya hayo mawili, ila liseme kwa mdomo wako."

Yalikuwa maneno mepesi. Mtoto angeyasema. Yalinifika mdomoni yote mawili, na lililotoka lilikuwa la tatu.

"Nenda," nikasema. "Na ukifika kwenu, ukae hukohuko."

Ulimi hauna mfupa. Nililiona lile neno likimfika. Alilipokea kama alivyopokea mvua, bila kujikinga. Akachukua mkasi, akakata picha mwenyewe, nne kama kawaida. Mbili akazitia kwenye bahasha ya kaki. Mbili akaziacha juu ya kaunta.

"Wanataka mbili tu," alisema. "Ndaga, bosi."

Akatoka. Hata mwavuli hakuomba.

Jumapili jioni Dada Flaviana alinipigia simu.

"Deme, mtu wako alikuja."

"Alisema nini?"

"Alikuja amevaa tai. Akamwamkia Baba, akakataa kukaa. Akasema, 'Baba, nakwenda kwetu kubadili pasipoti. Nimekuja kuaga.' Hivyohivyo, bila kupindapinda."

Nilifumba macho. "Na Baba?"

"Baba alimuuliza neno moja, kwa sauti ya chini. Kisha akamtazama tu. Chai yake ikapoa." Sauti ya dada ikashuka. "Halafu akanigeukia mie, Deme. Akaniambia, 'Dada, pole.' Basi. Akaandika kwenye karatasi jina la kijiji chao na jina la kanisa lililo jirani na kwao, akaiweka mezani, akaondoka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na kazi."

"Jumapili?"

Nikahamishia simu sikio jingine. Nikasikia pumzi yake upande wa pili.

"Mie yule wangu sikumuuliza kitu," alisema. "Nilimpigia pasi shati, nikamfungia na vitafunio. Niliona kumwambia rudi ni kumkosea imani. Miaka kumi najiuliza kama angekaa, kama ningemwambia. Wewe umemwambia?"

"Dada, naona mteja."

Hakukuwa na mteja. Duka lilikuwa limefungwa na mimi nimekaa juu ya stuli ya kupigia picha, natazama shuka jeupe ambalo sikuwa na nguvu ya kulishusha.

Aliondoka Jumatatu kabla ya jua. Sikwenda kumsindikiza. Siku ya tatu ukaja ujumbe kwenye simu: "Nimefika. Nimepanga foleni." Niliandika nisamehe, nikafuta. Niliandika mvua huku haijakatika, nikafuta. Mwishowe nikatuma neno moja, "Sawa." Siku ya tisa akaandika, "Bado." Nikajibu, "Sawa." Dada alipouliza nimemjibu nini, nikamwambia. Siku ya kumi na moja nilipiga mwenyewe, na yule mama wa kwenye mtandao akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikampigia yule mama kila asubuhi tangu hapo. Tulizoeana.

Upweke una mambo yake. Sikulia sana kama nilivyodhani. Nilichoka tu kuwa mtu pekee anayejua habari fulani. Mashine ya kopi ikakwama karatasi katikati, na sikuita fundi mwingine. Nikabandika tangazo kwamba kopi hakuna. Wateja wakaenda duka la pili. Nilikuwa nakoroga chai ya tangawizi vikombe viwili kwa mazoea, nakunywa kimoja, kingine namwaga mtaroni. Mtu akikaa kwenye stuli nikamwambia asicheke, na akatii, moyo uliniuma, maana wote walitii. Sikuwa najua kwamba watu ni watiifu kiasi hicho.

Siku ya kumi na sita, Jumatano, zikiwa zimebaki siku tisa kufika tarehe kumi na tano, mlango ulizibwa na koti la kijivu ninalolijua. Baba hakuwahi kukanyaga Tegeta tangu siku padre alipolibariki duka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Alikung'uta mwavuli nje, akaufunga vizuri, akautundika. Akaangaza huku na huku. "Stuli ndiyo hii wanayokalia?"

"Ndiyo, Baba. Kuna nini? Dada mzima?"

"Mzima." Akakaa, akafunga vifungo vya koti mpaka juu. "Nipige picha. Za hati ya safari. Nimeshauliza uhamiaji, ile ya kwenda nchi jirani haichukui siku nyingi."

"Safari ya wapi?"

"Karonga."

Nilishika ukingo wa kaunta.

"Baba, upande wa binti haufuati mchumba. Wewe ndiye uliyetufundisha. Watu wa ukoo watasema..."

"Watasema. Kwa Flaviana walisema pia, nami nilikuwa nimekaa barazani kwangu na heshima yangu yote. Nilisema mtoto wa watu akitaka mke wake atarudi, mimi siwezi kumkimbilia. Nikangoja mwaka. Nikangoja wa pili. Heshima ikabaki, mtoto wangu akaisha." Alitazama mikono yake. "Yule aliondoka nikiwa kanisani. Huyu alikuja akasimama mbele yangu akalitamka lile neno, akijua nitamchukia. Halafu akampa dada yako pole. Miaka kumi, Demetria. Hakuna aliyempa Flaviana pole. Tulimpa ushauri. Hata mimi."

Nilijua kwamba nisiposema wakati ule sitasema tena.

"Baba, mimi ndiye niliyemchelewesha. Picha nilizipiga vibaya makusudi. Mara mbili. Nilizima taa."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Nje muuza ndizi alipita akinadi.

"Yeye hakusema hivyo," alisema. "Nilimuuliza kwa nini amechelewa. Alisema ni uzembe wake."

Ndipo nilipolia. Siku kumi na sita zote zilitoka kwa pamoja, mbele ya baba yangu, na sikutafuta leso.

Aliningoja. Aliponiona naanza kupumua akasema, "Sikiliza. Nikimkuta huko ana mke na watoto watano, nitarudi nikuambie kwa mdomo wangu, ulie mara moja yaishe. Dada yako hajalia mpaka leo, maana hajui alilie nini. Nikimkuta anapanga foleni, nitapanga naye. Ikitoka, nitarudi naye. Wewe kazi yako ni barua. Mwandikie, nimpelekee. Na usimwandikie 'sawa.' Flaviana kaniambia. Sawa ni jibu la karani."

Nilishusha shuka la Jumamosi ile, nikalikung'uta, nikalitundika upya, jeupe. Nikawasha taa ya kulia. Nikawasha taa ya kushoto. Nikamsogeza baba yangu kidevu kwa vidole viwili. Kidevu kilikuwa na mvi ambazo wembe haukuzifikia.

"Usicheke, Baba."

"Nani anacheka?" alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa. Ilibidi tungoje kidogo mpaka yakauke.

Wakati printa inafanya kazi, nilifungua droo. Zile picha mbili alizoziacha Lusungu zilikuwa ndani ya kitabu cha risiti. Nilichukua kalamu. Nilikuwa na mambo ya kujaza kurasa kumi, ya shuka na taa na chai ninayomwaga mtaroni. Nikaigeuza picha moja, na nyuma yake nikaandika neno moja, lile aliloniomba akiwa amelowa mbele yangu: "Rudi."

Baba aliisoma bila kuomba ruhusa. Akatikisa kichwa kukubali, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala pamoja na ile karatasi yenye jina la kijiji, akachukua picha zake na mwavuli, akaondoka kabla mvua haijarudi.

Nikabaki na picha ya nne. Masikio mawili, mdomo umefungwa, nyuma peupe pasipo kivuli. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumpiga, na ndani yake hacheki. Niliitazama mpaka binti mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akabisha hodi mara ya pili, akauliza kama hapa ndipo wanapopiga picha za pasipoti.

Nikamwambia ndipo, aingie akae, nikawasha taa zote mbili.